Kabla ya kummaliza Tomi, mtazame masikio

SWALI: Daktari, habari za kazi. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Kihonda, Morogoro. Uani nina kuku wa kienyeji 23, mbwa mmoja anaitwa Tomi, ana miaka 12, na paka mzee ambaye umri wake tumeshausahau. Zamani kicheche hakuthubutu kuingia kwangu. Tangu mwaka jana Tomi amebadilika: mchana kulala, usiku anazunguka na kulia kwenye kona ya ukuta, ukimwita hageuki. Mwezi huu nimepoteza vifaranga 9. Jumapili mjukuu wangu wa miaka 6 alimwegemea mgongoni, akamng'ata mkono, damu ikatoka kidogo, tukapaka spiriti. Halafu masikioni na kuzunguka macho ana vidude vyeusi visivyobanduka, na kuku nao wanavyo. Mwanangu anasema mbwa amezeeka, tutafute kijana ammalize, tulete mtoto wa mbwa. Nina pia koo wa miaka 6, tunamwita Bibi, hatagi tena na miguu yake imeota magamba kama ya mamba. Wajukuu wamekataa asichinjwe. Nishauri.

JIBU: Shikamoo Mwalimu.

Naanza na mjukuu, maana mengine yote yanaweza kungoja hadi kesho. Kama hamjampeleka kituo cha afya, mpelekeni leo. Kabla ya kutoka, osheni kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, hata kama siku zimepita na kimeanza kukauka. Dakika 15 ni ndefu kuliko mtu anavyodhani, kwa hiyo tazameni saa. Spiriti mliyopaka haikuharibu kitu, lakini haishiki nafasi ya sabuni na maji. Mkifika, mwambieni mhudumu wazi kwamba mtoto ameng'atwa na mbwa, ngozi ilitoboka, na mbwa mwenyewe tabia imebadilika. Yeye ataamua kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa na ya pepopunda. Msiambiane nyumbani kwamba "huyu ni wetu, tunamjua". Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu hakuna tiba ya kumrudisha. Chanjo husaidia kabla ya hapo tu.

Na hapo ndipo ninapotofautiana na mwanao. Tomi asiuawe wiki hii, na sababu yangu ya kwanza wala si huruma. Mbwa ambaye mate yake yana virusi vya kichaa huwa ameshaanza kuugua, au amebakiza siku chache tu aanze, na akishaanza hachukui muda kufa. Ndiyo maana tunasema afungwe mahali salama, apewe chakula na maji, atazamwe siku 10 kuanzia siku aliyong'ata. Akizimaliza akiwa mzima, basi siku ile mate yake hayakuwa na kichaa, na daktari wa mtoto ataamua kuhusu sindano zilizobaki. Mtoto lakini aanze matibabu sasa, asingoje hesabu hiyo iishe. Mkimuua Tomi leo mmejinyima jibu wenyewe. Akifa katika siku hizo, msimzike. Mpigieni afisa mifugo wa kata au daktari wa mifugo wa halmashauri, kwa sababu kichwa chake kinatakiwa maabara.

Mimi binafsi sidhani kama ni kichaa. Mbwa wa kichaa hazunguki na kulia mwaka mzima. Lakini sijamwona, na mkono ulioumwa si wangu.

Siku 10 zikipita salama, mpeni chanjo ya kichaa, hata kama mtu atawaambia mbwa mzee hachanjwi. Anachanjwa, tena kila mwaka. Kama kadi yake imepotea, ulizieni halmashauri mapema kuhusu chanjo za Septemba. Tarehe 28 mwezi huo ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Ndiyo siku aliyofariki Louis Pasteur, mwaka 1895, yule Mfaransa aliyempa binadamu chanjo ya ugonjwa huu.

Sasa turudi uani.

Vile vidude vyeusi ndivyo vilivyonifanya nijibu barua yako kwa urefu. Hao ni viroboto wa kuku. Watu huwachanganya na kupe na utitiri, na dawa ikakosewa tangu dukani. Kupe akishiba huvimba kama punje ya mbaazi na rangi yake hupauka. Utitiri ni vumbi linalotembea: ukiokota mayai jioni unahisi kitu kinakutambaa mkononi na hukioni vizuri. Kiroboto wa kuku yeye hukaa kundi kundi. Mgeuze Tomi sikio, utazame ukingo wake ukiwa juani. Utawaona wamepangana bega kwa bega kama punje za ulezi zilizogandishwa kwa gundi, weusi wa kahawia, hawaruki hata ukiwagusa. Kwa kuku utawakuta kuzunguka macho, kwenye upanga wa kichwani na kwenye mashavu mekundu yanayoning'inia. Jike akishapata ngozi laini huzamisha mdomo na kukaa hapo hapo wiki kadhaa akinyonya damu. Mayai yake yanadondoka chini, funza wanakulia kwenye vumbi na mchanga mkavu wenye kivuli, yaani ndani ya banda lako na pale Tomi anapolala mchana.

Kwa hiyo kuku wanampa mbwa, mbwa anawarudishia kuku, na sakafu inawalisha wote. Ukimtibu Tomi peke yake, wiki tatu baadaye atakuwa vile vile. Nimeona nyumba zinazonunua dawa ya mbwa kila mwezi na banda la kuku halijafagiliwa tangu lijengwe.

Kifaranga ndiye anayeumia zaidi. Damu yake yote ni kidogo mno, na viroboto ishirini machoni wanatosha kumfanya asinzie, asione chakula, apauke na kufa. Ukimshika kifaranga aliyezubaa, tazama ndani ya mdomo wake. Kukiwa kweupe badala ya waridi, damu imekwisha. Nina wasiwasi kwamba baadhi ya vifaranga wako 9 hawakuchukuliwa na mnyama yeyote. Walikufa kwa kuishiwa damu, kisha kunguru akaja kuokota.

Chagua siku moja, tuseme Jumamosi asubuhi, mshughulikie wote kwa pamoja. Toa maranda yote ya banda na yachome. Sakafu ikwanguliwe hadi kwenye nyufa, viota vitolewe nje na majani yake yachomwe pia. Nyunyiza dawa ya wadudu inayoruhusiwa kwa mabanda ya kuku, kwa kipimo cha lebo, acha ikauke ndipo uweke maranda mapya. Kuku wapakwe poda ya wadudu ambayo lebo yake inataja kuku, na soma lebo hiyo hiyo ujue siku ngapi mayai yasiliwe. Machoni usitie poda. Hapo paka mafuta mazito ya kujipaka, yale ya mgando, kwa ncha ya kidole. Yanawaziba pumzi, wanalegea, na baada ya siku moja mbili wanabanduka bila kuchubua. Mafuta ya taa usiyaguse. Najua ndiyo dawa ya jirani, na kweli viroboto hufa, lakini nimetibu kuku waliopofuka kwa mafuta ya taa.

Tomi apewe dawa ya mbwa. Siku hizi maduka ya dawa za mifugo mjini yana vidonge vya kutafuna vya viroboto na kupe, na zipo za matone ya mgongoni. Zote hutolewa kwa uzito, kwa hiyo mpime kwanza, hata kwa mizani ya gunia. Dawa ya kuogeshea ng'ombe iliyokadiriwa kwa macho ndani ya ndoo imeua mbwa wengi katika nchi hii, na mbwa mzee mwenye figo zilizochoka ndiye huanguka wa kwanza. Alalapo fagia, choma takataka, nyunyiza dawa ile ile, na umbadilishie gunia. Rudia kazi nzima baada ya wiki mbili, kwa sababu mayai na funza waliosalia watakuwa wamekua.

Paka asikaribie kazi hiyo kabisa. Permethrini na jamaa zake, dawa za wadudu ambazo mbwa huzivumilia, humtetemesha paka hadi kumuua. Amezoea kulala ubavuni mwa Tomi? Watenge hadi dawa ikauke kabisa.

Sasa huyo kicheche. Vifaranga wanaopotea mchana mmoja mmoja, bila damu wala manyoya, ni kazi ya mwewe au kunguru. Wanaokutwa asubuhi wameumwa shingo, wengine wameachwa bila kuliwa, ni kazi ya kicheche au kanu. Wewe hukusema walipotea saa ngapi, na jibu linategemea hilo. Kama ni mchana, Tomi hata angekuwa na miaka mitatu asingezuia mwewe. Vifaranga wanahitaji tenga wiki nne za mwanzo: mama na wanawe ndani, maji na chakula cha vifaranga humo humo, tenga likihamishwa kila siku kwenye majani safi. Kama ni usiku, kosa liko kwenye banda. Wavu wa kawaida wa kuku unamzuia kuku kutoka, haumzuii kicheche kuingia. Tundu linalopitisha ngumi ya mtoto linampitisha yeye. Tumia wavu wa matundu madogo, ule wanaoanikia kahawa, uzikwe chini kidogo kuzunguka banda, na mlango uwe na komeo la kufunga kweli, si kamba. Mbwa hupiga kelele tu, Mwalimu. Kazi ya kumzuia mwizi ni ya mlango.

Nije kwa Tomi mwenyewe.

Mwanao anasema amezeeka. Kweli, miaka 12 kwa mbwa wa kienyeji wa uzito wa kawaida ni uzee. Lakini uzee umezoea kubebeshwa makosa ya wengine, na hilo nililijua kwa aibu. Mwaka wangu wa pili kazini, nikiwa Kilosa, mzee mmoja aliniletea mbwa wake akisema hataki kula, anatoa mate, ananuka, amenyong'onyea. Nikamtazama kwa mbali, nikamwambia, "Mzee, huyu umri umefika." Akarudi naye nyumbani. Kama miezi miwili baadaye nilipita kwake kwa ajili ya ng'ombe, nikamwona mbwa yule bado yuko, mifupa mitupu. Nikajilazimisha kumfungua mdomo. Kulikuwa na kipande cha mfupa kimekwama juu ya kaakaa, kimetanda kutoka gego la kulia hadi la kushoto, nyama imeanza kukizunguka. Nilikitoa kwa koleo ndani ya dakika mbili. Jioni ile alikula ugali. Mzee hakunilaumu, alicheka tu, na kicheko kile bado nakisikia.

Basi mfungue Tomi mdomo, zikiisha zile siku 10, na mtu mwingine akimshika kichwa. Harufu kali, ugaga wa kahawia unaofunika gego zima, ufizi unaovuja damu: hayo ni maumivu, na yanatibika. Tazama kucha za miguu. Mbwa asiyetembea sana kucha humkunja vidole, na kila hatua inauma. Mtazame anavyoamka asubuhi. Akisimama kwa miguu ya mbele kwanza, akasita, kisha akajivuta nyuma na kutembea kama aliyekanyaga makaa, halafu akapona baada ya dakika kumi, hiyo ni baridi yabisi ya nyonga au uti wa mgongo. Unakumbuka mjukuu alimwegemea wapi? Mgongoni. Mimi ningeanza na hapo kabla ya kumwita mkorofi.

Huenda hageuki ukimwita kwa sababu hasikii. Simama nyuma yake akiwa amelala, gonga sufuria. Akishtuka kwa kukanyaga kwako na sufuria hakuisikia, jibu umelipata, na wajukuu wafundishwe kumwendea kwa mbele, wasimguse usingizini. Macho yakiwa na ukungu wa samawati, huo ni uzee wa kawaida wa lenzi na bado anaona. Yakiwa meupe kama maziwa, ni mtoto wa jicho. Mbwa asiyeona huishi vizuri ajabu kama hamhamishi vitu: bakuli pale pale, gunia pale pale, pikipiki ya mwanao isiegeshwe kila siku mahali papya.

Na kule kuzunguka usiku na kulia ukutani? Mbwa wazee hupata kuchanganyikiwa kunakofanana na kwa wazee wetu. Husahau kona waliyoingilia, mchana wao hugeuka usiku. Ila usikimbilie hapo. Mbwa mwenye maumivu hatulii usiku, na mwenye figo mbovu huamka kukojoa na kutafuta maji. Figo ni rahisi kuzichunguza mwenyewe. Siku mbili mfululizo mpimie maji kwa jagi la lita, ukihakikisha hana pengine pa kunywa na kuku hawagusi bakuli lake. Mbwa wa kilo 20 kwa kawaida hapiti lita 1 na robo kwa siku. Akivuka lita 2, kuna tatizo kubwa, na mpeleke akapimwe damu na mkojo. Wewe uko Morogoro, una bahati kuliko wasomaji wangu wengi: Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, kina hospitali ya wanyama. Andika kwenye karatasi lini alianza kubadilika, anakula nini, anakunywa kiasi gani. Wanafunzi pale hufurahi mno wakipata mteja aliyeandika, na kwa mwalimu hilo si kazi.

Usimpe dawa za binadamu. Naandika hili kwa sauti kubwa kwa sababu najua kuna diklofenaki kwenye kabati lako, kama ilivyo kwenye la kwangu. Diklofenaki na ibuprofeni hutoboa tumbo la mbwa na kuangusha figo, na huanza kwa kutapika damu wakati watu wanasema dawa imemkubali maana ametulia. Zipo dawa za maumivu za mbwa, kama meloksikamu, ambazo daktari akishaona figo ziko sawa atakupimia kwa kilo zake. Kwa paka, panado moja inatosha kumuua. Nusu pia usijaribu.

Chakula chake nadhani ni ugali na dagaa, ndio ulaji wa mbwa wengi wa kwetu, na si mbaya. Dagaa wasiwe wa chumvi, ugali uwe laini kwa sababu ya meno, na apate kidogo mara mbili kwa siku kuliko sufuria zima usiku. Asinenepe. Kila kilo ya ziada anaibeba kwa nyonga zile zile. Mifupa ya kuku iliyopikwa asipewe, hupasuka kama vigae. Na unga uliovunda usiwape mbwa wala kuku kwa hoja ya "wao ni wanyama". Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, haichagui: mwaka 2004 huko Makueni, Kitui na wilaya za jirani, Kenya, mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125. Ini la mbwa au la kifaranga si gumu kuliko letu. Mahindi yenye ukungu yachome.

Paka umemtaja kwa nusu sentensi, nami namjibu kwa kifupi. Paka mzee anayekonda huku anakula, au anayekunywa maji kuliko zamani, aende na Tomi safari moja.

Kuhusu mtoto wa mbwa, sikatazi. Nasema asiletwe sasa. Mtoto wa mbwa akiingia kwenye uwanja huo wenye viroboto atanyonywa damu kama vifaranga. Pia atamrukia Tomi mgongoni kila dakika, na tumeshaona mgongo unavyojibu. Maliza kwanza viroboto, Tomi apate dawa ya maumivu, banda lifungwe vizuri. Kisha lete mtoto wa miezi miwili hivi, achanjwe dhidi ya parvo, ule ugonjwa wa kuharisha damu, na magonjwa mengine kabla hajazurura mtaani, na alishwe mbali na Tomi. Mbwa mzee humfundisha mdogo mipaka ya uani vizuri kuliko fimbo. Kukimbiza kuku lazima akatazwe tangu siku ya kwanza. Siku akionja yai bichi lililopasuka, una kazi ya miezi, kwa hiyo okota mayai mara mbili kwa siku na yaliyopasuka yasiachwe chini.

Na kama vipimo vitaonyesha kwamba Tomi amefika? Basi amefika, na nitakuwa wa kwanza kusema hivyo. Asipoweza kusimama kwenda kukojoa, akikataa chakula anachokipenda siku tatu nne, usiku wote analia na dawa haimtulizi, kumshikilia ni kwa ajili yetu, si yake. Hapo daktari wa mifugo humchoma dawa ya usingizi kwa kipimo kikubwa, analala, moyo unasimama. Mnaweza kuwa naye, mkono kichwani. Kijana wa rungu au wa sumu ndani ya nyama usimwite. Sumu huua kwa maumivu makali, na mabaki yake humfikia paka, kuku na mbwa wa jirani.

Kabla sijaja kwa Bibi, jambo moja ambalo hukuuliza. Kuku wako 23 wamechanjwa kideri? Hukutaja, na wafugaji wasiotaja mara nyingi hawajachanja. Wengine mnakiita mdondo. Huku kwetu hupenda kupiga kiangazi, kati ya mwezi wa 8 na wa 11, na kikiingia kwenye banda lisilochanjwa unaweza kuamka na kuku wawili kati ya 23. Chanjo ya I-2, inayotengenezwa hapa hapa nchini na Wakala ya Maabara ya Veterinari, huwekwa tone moja kwenye jicho moja, kila baada ya miezi mitatu. Mimi hupenda kuwaambia watu mwezi wa 1, wa 4, wa 7 na wa 10, ili usihitaji kukumbuka, na ile ya mwezi wa 7 iwakinge kabla ya msimu. Inavumilia joto kuliko chanjo nyingine za kideri, ila usiiache juani wala mfukoni mwa suruali. Wachanjwe kuku wazima tu. Kuku aliyekwisha kupinda shingo na kuharisha kijani, chanjo haimsaidii kitu. Shubiri na pilipili kwenye maji haziwadhuru, lakini kideri hazikizuii, nimeshazika ushahidi wa kutosha. Kichupa kimoja kinatosha kuku mamia, kwa hiyo changeni na majirani wanne watano. Tena ni afadhali hivyo, maana kuku wa jirani ambaye hajachanjwa ndiye mlango wa kwako. Ukipata mchanjaji, muulize pia ya ndui, ile inayodungwa kwenye bawa, kabla mbu wa masika hawajaanza.

Sasa Bibi.

Magamba yake ya mamba si uzee pia. Ni ukurutu wa miguu, unaletwa na mdudu mdogo usiyemwona anayechimba chini ya magamba na kuyainua. Loweka miguu yake kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni dakika chache, sugua taratibu kwa mswaki mkuukuu, usibandue gamba linalogoma, futa, kisha paka mafuta ya kula au ya mgando hadi juu ya goti. Kila baada ya siku tatu nne, kwa wiki nne au zaidi. Magamba yataanguka yenyewe na chini utakuta mengine laini. Safisha na vichanja anapolala, na watazame miguu kuku wengine, maana hupeana wakiwa wamesimama kichanja kimoja.

Kutaga, koo wa miaka 6 hana deni nawe. Kuku wetu wa kienyeji akiwa katika ubora wake hutaga mayai 40 hadi 60 hivi kwa mwaka, na kila mwaka unaopita yanapungua. Lakini hakikisha si mgonjwa: mshike tumboni, kati ya mifupa ya nyonga na ya kifua. Pakiwa laini na pamenywea, amepumzika tu. Pakiwa pamejaa maji kama mfuko, au pana kitu kigumu, au anasimama wima kama bata bukini, kuna jambo ndani na hapo huruma ni kumchinja mapema. Nyama yenyewe ya koo wa umri huo itakuchosha mkaa.

Akiwa mzima, wajukuu wameshinda kesi. Koo mzee mara nyingi ndiye mlezi bora uani. Anajua mwewe, anajua kunguru, haachi mayai kwa sababu ya mvua, na tembe wako wa mwaka huu huenda wanaatamia siku 10 na kuondoka. Akianza kubaki kwenye kiota na kuvimba manyoya ukimkaribia, kiota kitoe viroboto kwanza, kisha mwekee mayai ya tembe usiku, akiwa kimya. Mwekee 10, si 15. Mabawa yake hayafuniki kama zamani, na yai la pembeni litapoa. Zihesabu siku 21 kwenye kalenda ya jikoni, na tenga liwe tayari siku ya 20.